Fleetwood Mac: Bendi Iliyobeba Jina la Waliokaa Nyuma

Mwezi Januari 1974 watu katika miji kadhaa ya Marekani walikata tiketi kwenda kuiona Fleetwood Mac, bendi ya roki kutoka Uingereza, na kati ya wote waliopanda jukwaani hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kurekodi wimbo na bendi hiyo. Walikuwa wanamuziki stadi, wala hawakuwa wamejipachika jina hilo wenyewe. Waliajiriwa na Clifford Davis, meneja wa Fleetwood Mac yenyewe, ambaye alidai kwamba jina ni mali yake na kwamba ni juu yake kuamua nani apige muziki chini ya jina hilo. Wasikilizaji waliowajua wanamuziki halisi walianza kuzomea, wenye kumbi wakaanza kuuliza maswali, na ziara ikasambaratika kabla ya kufika mwisho.

Kisa hiki husimuliwa kama kioja cha zama zile, lakini mimi nakiona kuwa ndicho ufunguo wa kuielewa bendi nzima, kwa sababu kinalazimisha swali ambalo historia ya Fleetwood Mac imekuwa ikilijibu kwa zaidi ya nusu karne: bendi ni nani? Davis alikuwa na sababu ya kuamini kwamba watu hawatatambua. Mtu aliyenunua albamu yao ya kwanza ya mwaka 1968, kisha akanunua albamu ya mwaka 1973, angekuta majina mawili tu yanayofanana kwenye majalada yote mawili. Mwimbaji hakuwa yule, wapiga magitaa hawakuwa wale, na hata aina ya muziki ilikuwa imebadilika. Kilichobaki palepale kilikuwa dramu na gitaa la besi, yaani Mick Fleetwood na John McVie, watu wawili ambao kwa kawaida hukaa nyuma ya jukwaa na ambao mpenzi wa kawaida wa muziki hawajui kwa sura. Davis alifikiri kwamba walio nyuma hawana uzito. Hapo ndipo alipokosea, na ili kuona ni kwa nini, inabidi turudi hadi siku jina lenyewe lilipozaliwa.

Katikati ya miaka ya 1960 bendi ya John Mayall, iliyoitwa Bluesbreakers, ilikuwa kama chuo cha vijana wa Kiingereza waliotaka kujifunza muziki wa bluzi wa Wamarekani weusi. Mpiga gitaa Eric Clapton alipita hapo, na alipoondoka mwaka 1966 nafasi yake ilichukuliwa na Peter Green, kijana wa mashariki ya London ambaye ndiyo kwanza anafikisha umri wa miaka 20. Kumrithi Clapton ulikuwa mzigo mzito, kwa kuwa mashabiki walikuwa wameanza kumsifu mtu yule kama mungu, lakini Green aliubeba kwa namna ya peke yake: badala ya kupiga noti nyingi kwa kasi alipiga chache, akaziacha zining'inie hewani, na akapumzika pale ambapo wengine wangejaza. McVie alikuwa tayari mpiga besi wa Mayall, na Fleetwood alipita hapo kwa muda mfupi sana mwaka 1967. Mayall alimpa Green zawadi ya saa chache za studio, naye akawachukua hao wawili wakarekodi vipande kadhaa. Kimojawapo kilikuwa cha ala tupu bila maneno, na Green akakipa jina lililoundwa kwa kuunganisha majina ya ukoo ya wenzake: Fleetwood, na Mac kutoka McVie.

Green alipoamua kuanzisha bendi yake katika majira ya joto ya mwaka 1967, alichukua jina hilohilo. Yeye ndiye aliyekuwa nyota, na kampuni ya santuri ingependelea jina lake liwe mbele, tena albamu ya kwanza iliuzwa kwa jina la Peter Green's Fleetwood Mac. Hata hivyo alishikilia kwamba bendi iitwe kwa jina la mpiga dramu na mpiga besi. Fleetwood ameeleza kwamba Green alifanya hivyo kwa makusudi, akijua kuwa huenda siku moja ataondoka na akitaka wenzake wabaki na kitu mkononi. La kushangaza zaidi ni kwamba McVie, ambaye nusu ya jina ni yake, hakuwa hata amekubali kujiunga. Alikuwa na mshahara wa uhakika kwa Mayall na hakutaka kuuacha kwa ajili ya kundi jipya lisilojulikana. Kwa hiyo bendi ilipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza tarehe 13 Agosti 1967 kwenye tamasha la jazi na bluzi la Windsor, besi ilipigwa na Bob Brunning, aliyeelewa tangu mwanzo kwamba anashikilia nafasi ya mtu mwingine. Wiki chache baadaye McVie, ambaye hakupendezwa na jinsi Mayall alivyokuwa akielekea kwenye jazi, alibadili mawazo.

Mtu wa nne alikuwa Jeremy Spencer, kijana mfupi aliyempenda Elmore James, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, kupita kiasi na aliyepiga gitaa kwa kuteleza bomba dogo juu ya nyuzi kama James alivyofanya. Mwezi Agosti 1968 akaongezwa Danny Kirwan, mpiga gitaa mwenye umri wa miaka 18, na bendi ikawa na magitaa matatu. Huo ndio wakati ambao Waingereza wengi wa rika lile bado wanauita Fleetwood Mac ya kweli. Mwishoni mwa mwaka 1968 ilitoka Albatross, kipande cha ala tupu kinachokwenda polepole kama bahari iliyotulia, nacho kikashika nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza mwezi Januari 1969. Man of the World na Oh Well vilivyofuata vilifika nafasi ya pili. Green ndiye pia aliyetunga Black Magic Woman, wimbo ambao watu wengi duniani wanadhani ni wa bendi ya Santana, kwa sababu Santana waliurekodi mwaka 1970 na kuufanya maarufu kuliko ulivyokuwa mikononi mwa mwenyewe.

Mafanikio hayo hayakumpa Green amani. Alianza kuona aibu kwa fedha alizokuwa akipata, akawashauri wenzake wagawe mapato kwa wahitaji, na wenzake hawakukubali. Alikuwa pia ametumia dawa ya kulevya iitwayo LSD, na wenzake wamesimulia mara kwa mara jinsi walivyomwona amebadilika baada ya usiku mmoja wa mwezi Machi 1970 katika nyumba ya watu waliokuwa wakiishi kijamaa karibu na Munich. Mimi naona si haki kuweka maradhi ya akili ya mtu juu ya usiku mmoja. Dalili zilikuwepo kabla, na miaka iliyofuata ilikuwa na hospitali, matibabu makali na ukimya mrefu, ambayo hayawezi kuelezwa kwa kisa kimoja cha karamu. Mwezi Mei 1970 aliondoka, akiwa na umri wa miaka 23, na kuacha bendi iliyokuwa imejengwa juu ya kipaji chake.

Kuanzia hapo kulitokea mfululizo ambao sijauona katika bendi nyingine yoyote. Mpiga gitaa mmoja aliondoka kila mwaka kwa miaka 5 mfululizo. Mwaka 1970 alikuwa Green. Mwezi Februari 1971, bendi ikiwa Los Angeles kwa maonyesho, Jeremy Spencer alitoka hotelini akisema anakwenda kwenye duka la vitabu na hakurudi. Alitafutwa kwa siku kadhaa, na alipopatikana alikuwa amejiunga na kundi la dini lililoitwa Children of God na hakutaka tena muziki wa bendi. Green mwenyewe aliombwa avuke bahari kuja kuiokoa ziara, na akaja. Mwaka 1972 ilikuwa zamu ya Kirwan, ambaye ulevi na wasiwasi vilikuwa vimemzidi. Usiku mmoja wa mwezi Agosti, muda mfupi kabla ya onyesho, alivunja gitaa lake, akakataa kupanda jukwaani, akaketi miongoni mwa watazamaji, na baadaye akaja kuwakosoa wenzake kwa jinsi walivyopiga. Alifukuzwa. Mwaka 1973 Bob Weston, aliyekuja badala ya Kirwan, alifukuzwa katikati ya ziara ya Marekani baada ya kugundulika kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na Jenny Boyd, mke wa Fleetwood. Wa tano, Bob Welch, aliondoka mwishoni mwa mwaka 1974 akiwa amechoka tu.

Wapenzi wa muziki wa dansi wanaijua vizuri habari ya wanamuziki kuhama bendi, na huenda wakasema hapa hakuna jipya. Tofauti ni kwamba kwa kawaida anayehama hubeba kitu: huondoka na wenzake kadhaa, huanzisha bendi mpya, na mashabiki hugawanyika kumfuata. Waliotoka Fleetwood Mac katika miaka hiyo hawakubeba kitu. Green na Kirwan walianguka katika maisha magumu, Kirwan akifikia hatua ya kuishi bila makazi jijini London, na alikuwa bado kijana aliyetunga nyimbo ambazo, kwa maoni yangu, zinastahili kusikilizwa sawa na za Green. Hadithi za bendi hii hupenda kuwageuza watu hawa kuwa vituko vya njiani kuelekea kwenye utajiri wa baadaye. Walikuwa watunzi.

Katika kipindi hicho hicho aliingia mtu ambaye hakuondoka. Christine Perfect alikuwa mwimbaji na mpapasa kinanda wa bendi ya bluzi iliyoitwa Chicken Shack, na mwaka 1969 wasomaji wa jarida la Melody Maker walimchagua kuwa mwimbaji bora wa kike. Alikuwa ameolewa na John McVie mwaka 1968 na alikuwa amekwishapiga kinanda kwenye rekodi za bendi bila kuwa mwanachama. Hata jalada la albamu ya Kiln House ya mwaka 1970 alilichora yeye. Mwaka huo huo akaingizwa rasmi. Welch, Mmarekani wa California, alikuja mwaka 1971. Albamu walizotoa kuanzia Future Games ya mwaka huo hadi Heroes Are Hard to Find ya 1974 hupitwa haraka na wanaosimulia, kwa kuwa ziko kati ya vilele viwili, na hilo ni kosa. Ukisikiliza Hypnotized ya Welch ya mwaka 1973 utasikia bendi ya bluzi imeshageuka kuwa kitu kingine: dramu zinakwenda laini bila kusita, besi inazunguka, na sauti inaelea juu yake kama mtu anayesimulia ndoto. Waliokuja baadaye na kuvuna umaarufu waliikuta nyumba hiyo imeshajengwa.

Hapa ndipo inapofaa kueleza ni kitu gani hasa Fleetwood na McVie walikuwa wakikifanya, maana kusema tu kwamba walibaki hakutoshi. Chukua Albatross ya mwaka 1968 na Dreams ya mwaka 1977. Moja haina maneno na ilitungwa na Mwingereza aliyelelewa na bluzi. Ya pili ni wimbo wa mapenzi wa mwanamke Mmarekani ambaye mwaka ule wa Albatross hakuwa bado amejiunga na bendi hiyo. Lakini zote mbili zimesimama karibu mwanzo hadi mwisho juu ya mishiko miwili tu ya gitaa inayopokezana, mmoja ukiwa hatua moja juu ya mwenzake, na zote zinakwenda kwa mwendo wa utulivu usioharakishwa na kitu chochote. Katika Albatross Fleetwood alitumia vijiti vyenye vichwa laini ili dramu zivume kama mawimbi. Katika Dreams sehemu fupi ya upigaji wake ilikatwa kwenye utepe na kuzungushwa tena na tena chini ya wimbo. McVie katika nyimbo zote mbili anapiga noti chache kadiri inavyowezekana na anaziweka pale pale zinapotakiwa. Mpiga gitaa au mwimbaji yeyote akiwekwa juu ya sakafu ya namna hiyo anaweza kuwa yeye mwenyewe bila kuogopa kuanguka, na kila aliyekuja alileta tabia yake bila bendi kulazimika kuanza upya.

Turudi kwenye mwaka 1974. Ziara ilipokatizwa kwa sababu ya Weston, Davis aliona kwamba mikataba ya maonyesho inavunjwa na fedha zinapotea, akaandaa kikosi kipya. Wanamuziki aliowakusanya walisema baadaye kwamba waliahidiwa Fleetwood angejiunga nao njiani, jambo ambalo Fleetwood amelikana. Baada ya kusambaratika wakaunda bendi iitwayo Stretch, na wimbo wao Why Did You Do It, uliovuma Uingereza mwaka 1975, ulimlenga Fleetwood. Wakati huo wanamuziki halisi walikuwa wamekwenda mahakamani London, na kwa miezi mingi hawakuweza kupanda jukwaani kwa sababu kila mwenye ukumbi aliogopa kuingizwa katika kesi ya jina. Pande zote zilimalizana nje ya mahakama baada ya miaka kadhaa.

Kesi hiyo ilileta mambo mawili ambayo hakuna aliyeyapanga. La kwanza, bendi ilijiendesha yenyewe, Fleetwood akiwa mtu wa mikataba na simu. La pili, Welch aliwashawishi wahamie Los Angeles, kwa hoja kwamba kampuni yao ya santuri ilikuwa huko na haingewathamini kamwe ikiwa hawaonekani. Mtu aliyesukuma uhamisho huo akaondoka mwezi Desemba, wiki chache tu kabla ya matunda yake kuanza kuiva. Mwaka 1998 bendi ilipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki nchini Marekani, Green, Spencer na Kirwan walitajwa pamoja na watano wa kikosi kilichofuata, lakini Welch, aliyekuwa amewashtaki wenzake wa zamani kwa ajili ya mirabaha katika miaka ya 1990, hakutajwa. Mimi naihesabu hiyo kuwa dhuluma, na alipofariki mwaka 2012 ilikuwa haijarekebishwa.

Mwishoni mwa mwaka 1974 Fleetwood alikuwa akitafuta studio. Alipofika Sound City, eneo la Van Nuys, fundi mitambo Keith Olsen alitaka kumwonyesha ubora wa vyombo vyake, akamchezea wimbo kutoka albamu ya wapenzi wawili wasiojulikana, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks. Albamu hiyo ya mwaka 1973 ilikuwa imeshindwa sokoni na Nicks alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia mezani. Fleetwood alivutiwa na gitaa. Welch alipoondoka alimwomba Buckingham, naye akajibu kwamba hatakuja bila mwenzake. Kwa hiyo Nicks, ambaye wengi leo wakitajiwa Fleetwood Mac humwona yeye kwanza, aliingia kama sharti la mtu mwingine. Christine aliulizwa kama atamudu kufanya kazi na mwanamke mwingine, wakakutana, wakapatana, na urafiki wao ukadumu kuliko ndoa zote za bendi hiyo.

Sasa kulikuwa na watunzi watatu waimbaji ambao hawakufanana hata kidogo, na chini yao ni wale wale wawili. Albamu ya mwaka 1975, iliyopewa jina la bendi tu, ilipanda chati za Marekani taratibu na kufika nafasi ya kwanza mwezi Septemba 1976, baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Wakati inapanda, kila uhusiano ndani ya bendi ulikuwa ukivunjika. John na Christine McVie walikuwa wanaachana, Buckingham na Nicks walikuwa wameachana, na ndoa ya Fleetwood ilikuwa inakufa. Katika hali hiyo wakaingia studio ya Record Plant mjini Sausalito mwanzoni mwa mwaka 1976 kurekodi albamu ya Rumours.

Mengi yameandikwa juu ya machozi na dawa za kulevya za miezi ile, na mengi yanarudiwa kana kwamba ndiyo yaliyotunga nyimbo. Nadhani jambo la maana zaidi ni la kikazi. Buckingham aliandika Go Your Own Way akimlenga Nicks, na Nicks alilazimika kuimba sauti za kuitikia. Nicks aliandika Dreams akimlenga Buckingham, na Buckingham akautengenezea magitaa. Christine aliandika You Make Loving Fun juu ya mwanamume mwingine, na aliyepiga besi alikuwa mumewe. Kila mmoja alitoa ufundi wake wote kwa wimbo uliomchoma. The Chain, wimbo pekee katika albamu hiyo unaobeba majina ya wote watano kama watunzi, uliunganishwa kwa wembe kutoka vipande vya tepu vya nyimbo tofauti, na kinachoushikilia pale unapokaribia kukatika ni besi ya McVie ikiwa peke yake juu ya dramu, kwa noti chache ambazo Waingereza walizisikia kwa miaka mingi zikifungua matangazo ya BBC ya mbio za magari za Formula 1.

Rumours ilitoka mwezi Februari 1977, ikakaa nafasi ya kwanza Marekani kwa jumla ya wiki 31, ikapata tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka, na imeuza zaidi ya nakala milioni 40 duniani. Baada ya mafanikio kama hayo njia rahisi ilikuwa kutengeneza nyingine inayofanana nayo. Buckingham alikataa. Tusk ya mwaka 1979 ilikuwa albamu ya santuri mbili, iligharimu zaidi ya dola milioni moja kuirekodi, na ilikuwa na nyimbo zenye kingo kali zilizosikika kama zimerekodiwa bafuni, karibu na nyimbo laini za Christine. Wimbo uliobeba jina la albamu ulijengwa juu ya mdundo wa Fleetwood na bendi ya matarumbeta ya Chuo Kikuu cha Southern California iliyorekodiwa katika uwanja wa besiboli wa Dodger Stadium. McVie alikuwa safarini, na katika filamu ya siku hiyo anawakilishwa na picha yake ya kadibodi. Mauzo hayakukaribia Rumours, lakini mimi naihesabu kuwa kazi yao ya ujasiri kuliko zote.

Mirage ilifuata mwaka 1982, na Tango in the Night mwaka 1987. Hiyo ya pili ni kazi ya Buckingham kwa kiasi kikubwa, na mara tu ilipotoka akakataa kwenda ziarani na kuondoka. Nafasi yake ilihitaji watu wawili, Rick Vito na Billy Burnette, na waliotengeneza Behind the Mask ya mwaka 1990 waligundua ugumu wa kumrithi. Nicks akatoka. Watano wale waliungana kwa usiku mmoja mwezi Januari 1993 kumpigia Bill Clinton wimbo Don't Stop, uliokuwa wimbo wa kampeni yake, kisha wakatawanyika tena. Albamu ya Time ya mwaka 1995, wakiwemo Dave Mason na Bekka Bramlett, haikupata wasikilizaji. Hapa nadharia yangu inakutana na mpaka wake, nami sitaki kuuficha. Dramu na besi zilikuwa zile zile, jina lilikuwa halali kabisa, na bado watu hawakuja. Sakafu imara humwezesha mtunzi kusimama, haimzalishi.

Mwaka 1997 wote watano walirudi kwa onyesho lililorekodiwa kama The Dance, nalo likafika nafasi ya kwanza Marekani. Christine, aliyechoshwa na safari, aliacha mwaka 1998 na kurudi kuishi mashambani Uingereza. Waliobaki wakatoa Say You Will mwaka 2003 bila yeye kuwa mwanachama. Mwaka 2014 alirejea, na kwa miaka michache kikosi cha Rumours kilikuwa kamili tena, wote wakiwa wamepita miaka 60.

Mwezi Aprili 2018 ikatangazwa kwamba Buckingham hayumo tena. Hakuondoka kwa hiari, na mwaka huo huo alifungua mashtaka ambayo yalimalizwa kwa makubaliano. Kwa mara nyingine walihitajika watu wawili kujaza pengo lake: Mike Campbell, mcharaza gitaa wa Tom Petty, na Neil Finn wa Crowded House. Kwa wawili hao idadi ya waliopita katika bendi, ukimhesabu Brunning wa mwanzo, ilifika 18. Ziara yao ilikuwa na jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kwa kuwa gitaa halikuwa tena la mtu mmoja, nyimbo za zamani zilipata nafasi: Black Magic Woman ya Green iliimbwa na Nicks, na wimbo wa Kirwan kutoka Kiln House ukasikika mbele ya maelfu ya watu ambao wengi wao huenda hawakuwahi kusikia jina lake. Kirwan alikuwa amefariki mwezi Juni mwaka huo.

Mwezi Februari 2020 Fleetwood aliandaa onyesho la kumuenzi Peter Green katika ukumbi wa Palladium jijini London, na miezi mitano baadaye, tarehe 25 Julai, Green akafariki. Baadaye mwaka huo huo video fupi ya mtu aliyekuwa akiteleza barabarani kwa ubao wa magurudumu huku Dreams ikichezwa ilisambaa mitandaoni, na wimbo wa miaka 43 ukarudi kwenye chati kwa vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka.

Christine McVie alifariki tarehe 30 Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka uliofuata Nicks alisema haoni sababu ya bendi kuendelea bila yeye. Wenye majina yaliyounda jina la bendi wote wawili walikuwa hai. Katika sherehe za Grammy za mwezi Februari 2023 Fleetwood alisimama jukwaani na Bonnie Raitt na Sheryl Crow kumkumbuka kwa wimbo wake Songbird, yeye akipiga ngoma taratibu pembeni yao. Christine alikuwa ameurekodi wimbo huo katika ukumbi mtupu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yeye na kinanda chake, gitaa moja likimsindikiza kwa mbali. Kwenye santuri ya mwaka 1977 hauna dramu wala besi.